Nembo kwenye Boksi, Mlio kwenye Hedifoni: Cheti cha Sauti ya Mazabodi Kinathibitisha Nini?

Usiku mmoja nilikuwa nasafisha mahojiano niliyoyarekodi mchana. Nyumba ilikuwa imetulia, hedifoni masikioni, na yule niliyekuwa namsikiliza alikuwa mtu wa kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Katika kimya kimojawapo nilisogeza kipanya, nikasikia kitu kikilia kwa mbali, chembamba kama mbu. Nikaacha kusogeza, kikanyamaza. Nikasogeza tena, kikalia tena. Nikapandisha ukurasa, mlio ukabadilika. Kompyuta ilikuwa ikinisimulia kazi zake zote kupitia hedifoni.

Niliinuka nikalitafuta boksi la mazabodi, yaani bodi kuu, ya kompyuta ile. Lilikuwa na nembo tatu zinazohusu sauti, na chini yake maandishi manene: desibeli 120, yaani pengo kati ya sauti na kelele. Nilijihisi nimedanganywa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba sikudanganywa. Kila nembo ilithibitisha jambo la kweli, ila hakuna hata moja iliyohusu kile kilichokuwa kikilia masikioni mwangu. Fundo hilo ndilo ninalotaka kulifungua hapa: nembo hizi hupima kitu gani, hukipimia wapi, na je, kadi ya sauti, ile bodi ndogo ya kuongeza kwenye kompyuta, ndiyo dawa?

Mpaka uko kwenye kigeuzi

Wimbo uliomo kwenye diski ni tarakimu tupu. Prosesa inazisoma, mfumo unazichanganya na sauti nyingine zinazotaka kutoka wakati huohuo, kisha zinapelekwa kwenye chipu ndogo ya mraba iliyo pembezoni mwa mazabodi, karibu na matundu ya sauti. Chipu hiyo huitwa kodeki. Ndani yake kuna kigeuzi kinachopokea tarakimu na kutoa umeme unaopanda na kushuka kwa umbo la sauti yenyewe. Umeme huo unapita kwenye amplifaya ndogo, kapasita mbili tatu, njia nyembamba za shaba, tundu, waya, hadi masikioni.

Kabla ya kigeuzi, kelele za umeme haziidhuru sauti kirahisi. Moja hubaki moja na sifuri hubaki sifuri hata umeme ukitikisika kidogo. Baada ya kigeuzi, kila mtikisiko unakuwa sehemu ya sauti. Hapo ndipo ubora wote unapopatikana au kupotea, na eneo lenyewe lina urefu wa sentimita chache tu.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua tundu linalotoa volti 2 sauti ikiwa juu kabisa. Ukitaka kimya chake kiwe chini kwa desibeli 120, basi kelele zote zikijumlishwa zisizidi mikrovolti 2, yaani sehemu moja ya milioni ya zile volti 2. Sasa watazame majirani. Sakiti zinazoilisha prosesa umeme hukata na kuunganisha mkondo mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, zikipitisha makumi ya ampia. Kadi ya michoro huvuta nguvu kwa mafungu, nyingi sasa, kidogo baadaye, kufuatana na picha inayochorwa. Kipanya cha USB huripoti mahali kilipo mara 125 kwa sekunde, na vile vya wacheza gemu mara nyingi hufika 1000. Kila taarifa huiamsha prosesa kidogo, na mapigo 1000 kwa sekunde yamo katikati kabisa ya masafa tunayoyasikia. Mbu wangu alitokea huko.

Uchafu huo husafiri zaidi kupitia ethi, njia ya pamoja ambayo umeme hurudia. Kwenye mchoro ethi huandikwa kama sifuri, mahali ambapo kila kipimo huanzia. Kwenye shaba halisi mambo ni tofauti. Shaba ina ukinzani, mdogo sana lakini upo, na mikondo mikubwa inaporudi kupitia humo, sifuri yenyewe inapanda na kushuka. Sakiti ya sauti inayotegemea sifuri hiyo iko katika hali ya mtu anayepima kina cha maji akiwa juu ya dau linaloinuliwa na mawimbi: kipimo chake ni sahihi, pale anaposimama ndipo panapocheza.

Ndiyo maana mazabodi nzuri hutenga eneo la sauti kwa mstari usio na shaba, wakati mwingine ukiwa na taa ndogo ili uonekane vizuri, na kuliunganisha na ethi kuu mahali palipochaguliwa kwa makini. Mstari huo una kazi ya kweli. Kile kifuniko cha bati juu ya kodeki kinapendeza kwenye picha za matangazo, lakini ningeambiwa nichague kimoja kati ya viwili ningechukua mpangilio mzuri wa shaba na kuliacha bati.

Heshima ya kadi ilitoka wapi

Kompyuta za awali za aina ya IBM PC zilikuwa na spika moja ya kutoa mlio wa tahadhari. Kadi ya AdLib ilitoka mwaka 1987, na Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore ikafuata mwaka 1989. Bila kadi hukuwa na muziki wa maana wala sauti ya binadamu, kwa hiyo swali la kadi au mazabodi halikuwapo.

Lilikuja na kiwango cha AC'97 cha Intel. Kiwango hicho kiliigawa kazi mara mbili: upande wa tarakimu uliingia kwenye chipu kuu za mazabodi, na upande wa umeme wa sauti ukaachiwa kodeki ndogo. Wazo lilikuwa zuri, na kwa sehemu lengo lake lilikuwa kuihamisha kodeki mbali na kelele za chipu kubwa. Lakini mgawanyo huo uliifanya kodeki iwe kipande cha kubana gharama. Watengenezaji wengi waliweka ile ya bei ya chini kuliko zote mahali popote palipobaki nafasi, na sauti ya mazabodi ikapata jina baya ambalo halijafutika hadi leo.

Wakati huohuo kadi zilikuwa zinafanya kazi kubwa. Sound Blaster Live! ya mwaka 1998 ilikuwa na prosesa yake yenyewe, EMU10K1, iliyochanganya sauti nyingi za gemu kwa pamoja na kuzitia mwangwi wa pango au ukumbi bila kuichosha prosesa kuu. Ila kadi hiyohiyo ilifanya kazi zake za ndani kwa kilohezi 48 tu, yaani sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, kwa hiyo muziki wa CD, ambao ni kilohezi 44.1, ulilazimika kubadilishwa njiani, na mabadiliko hayo yaliacha alama zilizoonekana kwenye vipimo. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu tulikua tukiamini kwamba neno kadi lina maana ya usafi.

Mwaka 2004 Intel ikaleta kiwango kipya, High Definition Audio, kinachoruhusu hadi kilohezi 192, biti 32 na chaneli 8. Mwanzoni mwa 2007 Windows Vista ikafika madukani, na ndani yake Microsoft ilikuwa imeiondoa njia ambayo DirectSound, sehemu ya Windows inayohudumia sauti za gemu, iliitumia kuzikabidhi kadi kazi ya kuchanganya sauti. Kazi hiyo sasa inafanywa na programu, juu ya prosesa kuu. Kwa gemu nyingi, prosesa ya kadi ilibaki bila kazi.

Kwangu hiyo ndiyo tarehe muhimu kuliko zote katika habari hii. Kabla ya hapo ulinunua kadi ili ifanye jambo ambalo mazabodi haikuliweza. Baada ya hapo, kwa mtu wa kawaida, kilichobaki cha kushindaniwa ni zile sentimita chache baada ya kigeuzi. Mabishano mengi ya leo bado yanatumia hoja za kabla ya 2007.

Nembo moja moja

Anza na alama zilizo kwenye karibu kila kifaa: FCC ya Marekani na CE ya Ulaya. Katika suala letu alama hizo zinahusu usumbufu wa mawimbi ya redio, yaani kifaa kisivuruge redio na vifaa vingine. Kompyuta inaweza kuufaulu mtihani huo barabara huku hedifoni zake zikilia kama mbu.

Nembo za Windows kwa sehemu kubwa zinahusu upatanifu: dreva imejaribiwa, haiangushi mfumo, kifaa kinatambuliwa. Tangu enzi za Vista, Microsoft iliweka pia viwango vya chini vya vipimo vya sauti kwa waliotaka nembo yake. Hilo lilisaidia kweli kuwaondoa wabovu kabisa. Lakini kiwango cha chini kinakuonyesha sakafu iko wapi, hakikuelezi chochote kuhusu dari.

Kisha kuna majina ya Dolby na DTS, kampuni za teknolojia ya sauti, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Nembo hizo mara nyingi ni leseni ya kipengele. Zinasema mazabodi inaweza kufanya jambo fulani, na kwamba jambo hilo linafanyika kwa namna mwenye jina anayoikubali. Ili kuelewa jambo lenyewe, itazame kebo ya S/PDIF, ile inayobeba sauti ikiwa bado tarakimu, inayotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye risiva ya spika nyingi. Sauti isiyobanwa, kebo hiyo hupitisha chaneli mbili tu. Ukitaka sita za gemu, lazima zibanwe kwanza, papo hapo, gemu likiendelea. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na Dolby Digital Live, na DTS Connect nayo ina njia yake ya kuifanya. Dolby Digital hubana chaneli zote sita ndani ya kilobiti 640 kwa sekunde au chini ya hapo, wakati CD hutumia kilobiti 1411 kwa chaneli mbili tu. Ni kipengele chenye manufaa makubwa kwa mwenye risiva, na kinafanya kazi yake kwa kupoteza sehemu ya sauti. Mwenye hedifoni kwenye tundu la kijani, lile la kawaida la kutolea sauti, hanufaiki nacho hata kidogo.

Kulikuwa na cheti kimoja kilichojaribu kwenda mbali zaidi, nami nakiheshimu hadi leo: SoundStorm ya NVIDIA. Chipu za nForce za mwaka 2001 na nForce2 zilizofuata zilikuwa na prosesa ya sauti yenye undugu wa karibu na ile ya Xbox ya kwanza, na zilibana Dolby Digital papo hapo, jambo ambalo kadi nyingi za wakati huo hazikuliweza. Lakini NVIDIA hawakuligawa jina hilo kwa kila aliyenunua chipu. Mtengenezaji wa mazabodi alitakiwa atumie chipu yenye prosesa hiyo ya sauti, aweke matundu yaliyotajwa, na sauti ifikie viwango vilivyopimwa kwenye maabara za Dolby. Zingatia kilichopelekwa maabara: mazabodi iliyokamilika, pamoja na njia zake za shaba na matundu yake. Mazabodi mbili zenye chipu zinazofanana zingeweza kutofautiana, moja ikapewa jina na nyingine ikakosa. Huo ni uthibitisho wenye maana, kwa sababu unamgusa yule aliyechora mazabodi, naye ndiye anayeamua kimya kitakuwaje.

Hata hivyo hata SoundStorm ilikuwa na kikwazo. Prosesa yake ilikuwa ya hali ya juu, lakini sauti ya analogi ilitokea kwenye kodeki ya AC'97, ileile aina iliyokuwa ikilalamikiwa kwenye mazabodi nyingine. Walioifurahia kwa ukamilifu walikuwa wale waliounganisha risiva kwa njia ya dijitali, na kwa hao kigeuzi kilichotumika kilikuwa ndani ya risiva. Kwa maneno mengine, mazabodi iliyosifiwa sana kwa sauti ilisikika vizuri kuliko wakati wote pale kazi ya kutengeneza sauti ilipohamishiwa nje yake.

THX ilianza mwaka 1983 ndani ya Lucasfilm, kwa ajili ya kumbi za sinema. Mwaka 2002 Sound Blaster Audigy 2 ilipata cheti chake, na hapo kilithibitishwa kifaa chenyewe. Miaka iliyofuata jina hilohilo lilionekana kwenye mazabodi kama THX TruStudio, ambayo ni programu ya kuongeza besi, kupanua sauti na kuyainua maneno ya filamu. Herufi ni zilezile tatu, ila vitu viwili tofauti kabisa vinasimama nyuma yake, na boksi halikuambii ni kipi umenunua.

Nembo ya dhahabu ya Hi-Res Audio, inayosimamiwa na Japan Audio Society tangu 2014, hutaka kifaa kishughulikie biti 24 kwa kilohezi 96 na kifikishe masafa ya kilohezi 40. Sikio la binadamu kijana na mzima hukoma karibu na kilohezi 20. Kifaa kinaweza kufika kilohezi 40 kwa urahisi huku kikiwa na mvumo katika kilohezi 1, pale unapouma.

Desibeli 120 za nani?

Realtek wa Taiwan ndiye mwenye kodeki zilizomo kwenye mazabodi nyingi duniani. Kodeki yake ya ALC889 ilitajwa kuwa na uwiano wa sauti na kelele wa desibeli 108 upande wa kutoa. ALC1150 ikatajwa 115, kisha ALC1220 ikafika 120. Namba hizo ni za kweli, na ni za chipu, ikiwa kwenye bodi ya majaribio yenye umeme safi, huku kelele zikipimwa kwa mizani ya A inayopunguza uzito wa masafa ambayo sikio halina makini nayo. Ukiihamishia chipu hiyo kwenye mazabodi, kando ya majirani niliowataja, kinachotoka kwenye tundu kinashuka. Kinashuka kiasi gani hutegemea mchoraji wa bodi. Mmoja atapoteza kidogo, mwingine atapoteza desibeli 20, na wote wawili wataandika 120 kwenye boksi.

Kuna jambo jingine la kuchunguza katika namba hiyo. Ukimpima mtu kelele zake wakati amenyamaza, si ajabu ukakuta zimepungua sana: chipu nyingi, zikipokea tarakimu za sifuri tupu, huzima sehemu ya kutolea sauti. Kipimo kinachotoka hapo ni cha mlango uliofungwa. Ndiyo maana wapimaji makini hutumia kinachoitwa upana wa sauti, ambapo mlio hafifu, desibeli 60 chini ya kilele, huachwa uendelee ili chipu isizime, kisha kelele zilizobaki zikapimwa. Ukiona makala ya vipimo yenye maelezo hayo, ipe uzito. Ukiona namba peke yake, ichukue kama jina la chipu tu.

Je, unazihitaji hizo 120? Kila biti ni karibu desibeli 6, kwa hiyo CD yenye biti 16 ina takribani 96. Chumba tulivu cha nyumbani kina kelele za karibu desibeli 30. Ili kelele za CD zianze kusikika juu ya chumba hicho, vilele vya muziki vingepaswa kufika 126, kiwango cha maumivu. Tundu linalotoa desibeli 95 hadi 100 za kweli, kompyuta ikiwa kazini, linatosha kwa karibu kila msikilizaji. Naamini mazabodi nyingi nzuri za miaka ya karibuni zinafika hapo, upande wa nyuma. Tena mvumo sawia wa chini hausumbui kama mlio unaobadilika na kipanya. Sikio husamehe mvua, halisamehi mbu, na namba moja ya desibeli haivitofautishi viwili hivyo.

Pale ambapo namba hazifiki: mzigo

Nikiulizwa ni jambo gani limesahauliwa kuliko yote kwenye vyeti, nitasema ukinzani wa tundu. Vipimo vingi hufanywa tundu likiwa halijabebeshwa kitu. Hedifoni ni mzigo.

Matundu mengi ya mazabodi, hasa ya mbele, huwekewa rezista kwenye njia ya kutokea ili kuilinda kodeki. Tuseme ni omu 75. Hedifoni yako ina omu 32. Volti zinagawanywa kati ya hivyo viwili, na hedifoni inapata 32 kati ya 107, chini ya theluthi. Umepoteza karibu desibeli 10 na nusu kabla hujasikia kitu. Hilo lingekuwa dogo, ungepandisha sauti tu. Tatizo ni kwamba ukinzani wa hedifoni nyingi haubaki palepale: hupanda kwenye masafa ya besi. Tuseme hedifoni hiyo inafika omu 64 kwenye besi. Pale itapata 64 kati ya 139, na besi itakuwa juu kwa karibu desibeli 4 kuliko ilivyokusudiwa. Huo ni mgeuko mkubwa wa sauti, mtu yeyote anausikia, na hauonekani kabisa kwenye kipimo cha desibeli 120. Baadhi ya watu huupenda na kusema mazabodi ina "besi nzito". Spika ndogo za kuchomeka sikioni zenye vipaza kadhaa ndani huathirika zaidi, kwa sababu ukinzani wake hupanda na kushuka mara kadhaa.

Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi sehemu ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa hedifoni ya omu 32, tundu liwe omu 4 au chini. Hapa kadi nzuri, na mazabodi zenye amplifaya ya kweli ya hedifoni, hutengana waziwazi na zile zenye kodeki tupu. Kwa hedifoni ya omu 300 mambo hugeuka: rezista haina madhara makubwa, ila volti zinahitajika nyingi zaidi, na kodeki tupu huishiwa nguvu kabla sauti haijatosha.

Mwenye spika zenye amplifaya yake mwenyewe hana shida hii hata kidogo, kwa sababu mlango wa spika hizo una ukinzani wa maelfu ya omu. Akisoma ugomvi wa wenye hedifoni, apite tu.

Kadi ya ndani, kifaa cha nje

Kadi ya ndani inakaa kwenye kasha lilelile na inakula umeme uleule. Faida yake inatoka kwenye nafasi: mchoraji wake ana bodi nzima kwa ajili ya sauti, anaweza kusafisha umeme kwa hatua mbili tatu, kutumia kigeuzi bora, na kuweka amplifaya yenye ukinzani mdogo. Ikichorwa vizuri inaishinda mazabodi. Ikipachikwa sentimita moja kutoka kwenye kadi kubwa ya michoro inayounguruma, inaweza kushindwa nayo.

Kifaa cha nje cha USB hukivusha kigeuzi chenyewe nje ya kasha, mbali na majirani wote, na kwa mwenye hedifoni naona ndilo jibu la moja kwa moja zaidi. Lakini waya wa USB unabeba pia ethi. Kama kifaa hicho kimeunganishwa na amplifaya iliyochomekwa ukutani, mzunguko wa ethi unaweza kufungika kupitia hapo, na yule mbu akarudi kwa mlango mwingine. Kebo ya nuru ya S/PDIF inaukata mzunguko huo kabisa, kwa sababu kioo na plastiki havipitishi umeme. Mazabodi ya kawaida yenye tundu hilo ni chanzo safi cha tarakimu kwa kigeuzi chochote cha nje, bila kujali nembo zake.

Mpaka kati ya vitu hivi unazidi kufifia. Kodeki ya ALC4080, iliyomo kwenye mazabodi kadhaa za karibuni, imeunganishwa na kompyuta kwa njia ya USB humohumo ndani ya bodi. Tayari ni kifaa cha USB, kilichobaki ndani ya kasha.

Kwa wanaorekodi, neno moja: upande wa kuingiza sauti ndio dhaifu zaidi kwenye mazabodi. Ile ALC1150 yenye 115 upande wa kutoa ilitajwa 104 upande wa kuingiza, na maikrofoni ikihitaji kukuzwa, kelele hukuzwa nayo. Anayefanya kazi ya sauti ya mtu asianze na tundu la waridi, lile la maikrofoni.

Jaribu mwenyewe

Zima arifa zote kwanza, maana mlio mmoja wa ujumbe sauti ikiwa juu unaweza kuumiza masikio. Simamisha muziki, pandisha sauti ya mfumo hadi juu, kisha zivae hedifoni. Sogeza kipanya. Fungua ukurasa mzito. Anzisha gemu lililozimwa sauti na uliache kwenye menyu. Kinachosikika hapo ndicho kipimo cha mazabodi yako, katika kasha lako, na hedifoni yako.

Ukisikia kitu, fungua mpangilio wa sauti na unyamazishe milango ya kuingiza isiyotumika, hasa ile inayopitisha sauti ya maikrofoni moja kwa moja kwenye hedifoni. Mara nyingi kelele zote huingilia hapo. Kisha hamisha hedifoni kutoka tundu la mbele kwenda la nyuma.

Anayetaka namba achukue programu ya bure ya RightMark Audio Analyzer, aunganishe tundu la kutoa na la kuingiza kwa waya mfupi, apime mara mbili, kompyuta ikiwa imepumzika na kadi ya michoro ikiwa kazini. Asisahau kwamba kipimo hicho kinajumlisha pande zote mbili, na upande dhaifu wa kuingiza ndio utakaoamua matokeo. Wala hakitamwonyesha tatizo la mzigo, kwa kuwa mlango wa kuingiza haulemei tundu kama hedifoni inavyolilemea.

Kwenye kompyuta yangu jibu lilikuwa kwenye kuhamisha tundu. Nyuma, mlio ulipotea karibu wote. Nilipofungua kasha nilikuta waya wa tundu la mbele, mwembamba, urefu wa karibu nusu mita, umelazwa juu ya kadi ya michoro. Nikauzungusha upande wa pili wa bodi, kelele zikapungua lakini hazikuisha. Ndipo nilipoona kwamba kwenye kibodi kidogo cha mbele, ethi ya sauti na ethi ya matundu ya USB zilikuwa zimeunganishwa pamoja. Eneo lile lililotengwa kwa uangalifu kwenye mazabodi lilikuwa linaunganishwa tena huku mbele, na aliyetengeneza kasha, ambalo halikuwa na nembo yoyote ya sauti.

Mahojiano yale niliyamalizia kwenye tundu la nyuma. Kabla ya jibu la mwisho nilimsikia msemaji akivuta pumzi.